Dola, Nchi na Huluki: Juu ya Majina ya Washiriki Wasio Dola katika Kiswahili cha Mikataba ya Uvuvi

Mwaka jana nililetewa rasimu ya tafsiri, kurasa 30 na kitu, iliyokusudiwa kuwaeleza viongozi wa wavuvi wa pwani yetu jinsi jodari wa Bahari ya Hindi wasimamiwavyo kwa mapatano ya mataifa. Ofisi iliyoitoa sitaitaja, wala sidhani ya kuwa wafasiri wake walikuwa wavivu. Kiswahili chao ni fasaha, na mahali pengi chapendeza kusomwa. Lakini katika ukurasa wa 4 pana maneno "kampuni ya uvuvi", katika ukurasa wa 11 pana "nchi ya uvuvi", na karibu na mwisho pana "chombo cha uvuvi". Na yote matatu yametumika kufasiri istilahi moja tu ya sheria. Rasimu iliposomwa mbele ya wavuvi, mzee mmoja aliuliza: "Kampuni hii ni ya nani, na mbona yakaa meza moja na serikali?" Aliyekuwa akisoma hakuwa na jibu. Nami niliyekaa nyuma sikuwa nalo siku ile.

Mimi si mwanasheria, na wanasheria watakaosoma kurasa hizi watanisahihisha nitakapoteleza. Lakini jambo lenyewe ni la lugha kabla halijawa la sheria, tena si jambo la kuahirishwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria katika Tanzania. Neno lililokuwa jana la mfasiri peke yake, kesho laweza kuwa neno la hakimu. Kosa lililo katika kijitabu cha wavuvi leo litaingia katika kanuni, na likiisha kuingia huko halitoki kwa urahisi.

Yafaa tuanze na jambo lenyewe. Mwaka 1982 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Sheria ya Bahari, ulioanza kutumika mwaka 1994. Na mwaka 1995 yakaongeza mkataba mwingine juu ya samaki wahamao na wale wavukao mipaka ya maji ya nchi, ulioanza kutumika mwaka 2001. Walioandika mkataba huo wa pili walikuwa na tatizo ambalo hawakuweza kulitamka. Taiwan ina kundi kubwa la meli zivuazo jodari kwa mishipi mirefu katika bahari zote, na mpango wowote wa kuhifadhi samaki usioihusisha ni ngalawa iliyotoboka. Lakini tangu Azimio 2758 la mwaka 1971 kiti cha China katika Umoja wa Mataifa kinashikwa na Jamhuri ya Watu wa China, na dola nyingi haziitambui Taiwan kuwa dola. Basi waandishi wakatafuta neno lisilosema kitu. Katika kifungu cha kwanza wakaandika ya kuwa mkataba utatumika pia, kwa marekebisho yapasayo, kwa wengineo ambao meli zao huvua katika bahari kuu. Na hao "wengineo" wakapewa jina ambalo kwa Kiingereza halimaanishi zaidi ya "kitu kilichopo ambacho huvua". Jina la Taiwan halimo.

Ni jina lililobuniwa kwa makusudi liwe tupu, na utupu huo ndio kazi yake. Dola isiyoitambua Taiwan yaweza kutia sahihi bila kuona kwamba imeitambua, na Taiwan yaweza kufungwa na kanuni bila kuitwa mkoa wa mtu. Mfasiri wa Kiswahili aliyeandika "kampuni" aliujaza utupu huo. Aliyeandika "nchi" aliujaza zaidi. Na aliyeandika "chombo" hakujua kwamba kwa mvuvi, na katika kanuni zetu za uvuvi vilevile, chombo cha uvuvi ni mashua, dau, mtumbwi au meli. Mtu akisoma ya kuwa chombo cha uvuvi kimeahidi kwa maandishi kuyafuata maamuzi ya tume, atadhani nahodha ametia sahihi.

Kosa la "nchi" lina mizizi mirefu, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji. Kiswahili kina maneno manne yanayokaribiana: nchi, taifa, serikali na dola. Nchi ni neno la Kibantu, na maana yake ya kwanza ni ardhi. Ndiyo maana twasema nchi kavu. Taifa na dola ni ya Kiarabu, serikali ni ya Kiajemi, na kila moja limeshika pembe yake: watu, utawala wenye enzi, na watu walioushika utawala kwa wakati fulani. Katika mazungumzo ya kila siku hatuna haja ya kuyapambanua. Mchuuzi wa Kariakoo auzaye redio zilizotengenezwa Taiwan atasema zimetoka "nchi ya Taiwan", wala hajaingilia ugomvi wa mtu. Lakini sheria ya kimataifa imejengwa juu ya dola, si juu ya nchi. Kwa hiyo neno lililo la kawaida kabisa kwetu, nchi, likitumika katika mkataba, lasema lile hasa ambalo mkataba ulikataa kulisema.

Hatari kubwa zaidi imo katika "serikali". Rasimu niliyoisoma inawaita washiriki hawa wote kwa jumla "watendaji wasio wa serikali". Maneno haya mawili yamekosewa yote. Mtendaji, kwa Mtanzania yeyote aishiye kijijini, ni mtendaji wa kijiji au wa kata, yaani ndiye serikali yenyewe aijuaye. Kumwambia ya kuwa kuna watendaji wasio wa serikali ni kama kumwambia kuna askari wasio wa jeshi. Na "wasio wa serikali" si kweli kuhusu Taiwan. Taiwan ina serikali, yenye wizara, leseni, na mabaharia wanaotozwa faini. Inachokosa machoni pa dola nyingi ni kutambuliwa kuwa dola. Kufasiri "isiyo dola" kwa "isiyo ya serikali" ni kuiweka Taiwan kapu moja na chama cha kuwalinda kasa. Nami nasema, mfasiri akitupa tofauti ya dola na serikali ametupa jambo zima, na hata Kiswahili kizuri namna gani hakitamrudishia.

Hebu tutazame jinsi utupu ule unavyofanya kazi katika tume mbalimbali, kwa maana tofauti ni kubwa. Katika Bahari ya Pasifiki ya magharibi na kati, mkataba uliotiwa sahihi Honolulu mwaka 2000 na kuanza kutumika mwaka 2004 una kiambatisho kizima kwa ajili ya mshiriki wa namna hii. Huleta hati ya maandishi ya kukubali kufungwa. Akiisha kufanya hivyo hushiriki katika kazi ya tume, pamoja na kutoa maamuzi. Na akigombana na mwanachama, shauri laweza kupelekwa kwenye usuluhishi kwa kanuni za Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Taiwan imo kwa jina la Chinese Taipei. Katika tume ya jodari wa kusini waliunda tume ya pili, pana zaidi, kando ya ile ya mkataba, ili mshiriki asiye dola apate pa kukaa. Taiwan iliingia humo mwaka 2002. Katika Atlantiki iliitwa kwa muda mrefu mshirika asiye mwanachama. Cheo hicho cha nusu hakikuizuia tume kuiadhibu: mwaka 2005 iliamua kuipunguzia Taiwan kiwango cha jodari wa macho makubwa kwa mwaka uliofuata. Msomaji aone hapa ya kuwa mtu aweza kuadhibiwa kabla hajapewa jina.

Na Bahari ya Hindi yetu? Tume ya Jodari wa Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria huko Shelisheli, iliundwa chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mapatano yake yalipitishwa mwaka 1993 na kuanza kutumika mwaka 1996. Kenya, Tanzania, Msumbiji, Komoro na Oman ni miongoni mwa wanachama. Kwa kuwa tume hii ni tawi la shirika la Umoja wa Mataifa, mlango uliofunguliwa Honolulu hapa haupo. Watu wa Taiwan, ambao meli zao ni miongoni mwa zivuazo jodari wengi zaidi kwa mishipi mirefu katika bahari hii, huja mikutanoni kwa jina la wataalamu waalikwa.

Kwa mwanaisimu jina hili lina ladha ya pekee. Kila kitu kikiingia katika Kiswahili hakina budi kupewa ngeli, na ngeli haikubali kunyamaza. Umoja, shirika, dola, tume: kila kimoja kina viambishi vyake, na hakuna hata kimoja kilicho katika ngeli ya watu. "Mtaalamu mwalikwa" yumo katika ngeli ya watu. Yaani Victoria, Taiwan haikukubaliwa kuwa kitu, ikakubaliwa kuwa watu. Meli zake mamia zimegeuzwa mabwana na mabibi wachache waliovaa vitambulisho. Kiingereza hulificha jambo hili kwa sababu sarufi yake hailazimishi. Kiswahili hakiwezi kulificha, nami sioni kuwa hilo ni upungufu wa Kiswahili.

Sasa swali la neno. Baadhi ya wenzangu wamependekeza "huluki ya uvuvi", na huluki limekwisha kuenea katika istilahi za kompyuta na za sheria. Neno hili ni la mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa mahuluku na hulka, mzizi wa kuumba: huluki ni kilichoumbwa. Kwa bahati njema, mshiriki huyu kweli ameumbwa, na aliyemwumba ni mkataba. Nje ya mikataba ya uvuvi hayupo. Pili, neno ni tupu kwa wasikiaji wengi, na tumekwisha kuona kuwa utupu watakiwa. Napinga "jumuiya", kwa kuwa katika Afrika Mashariki neno hilo limekwisha kupata mwenyewe. Napinga "mamlaka", kwa sababu iyo hiyo: tunayo Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Zanzibar, ambayo ni idara ya dola barabara. Basi naafiki huluki katika maandishi ya sheria, kwa sharti kwamba lifafanuliwe mara ya kwanza litokeapo. Kwa wavuvi siafiki. Kijitabu cha wavuvi na kiseme: Taiwan, ambayo katika mapatano haya haikuhesabiwa kuwa dola. Maneno ni mengi zaidi, lakini mzee yule asingeuliza swali lake.

Nimetaja bahari kuu, nami siwezi kulipita neno hilo bila kulalamika kidogo. Katika jina la mamlaka ile, bahari kuu ni maji ya mbali yaliyo chini ya haki za Tanzania, yaani ukanda wa kiuchumi. Katika tafsiri za mikataba, bahari kuu ni maji yaliyo nje ya haki za dola yoyote. Huluki ya uvuvi imetajwa katika mkataba wa 1995 kwa ajili ya maji haya ya pili. Katika rasimu, mvuvi asomaye kuwa huluki huvua bahari kuu ataelewa kuwa inavua kwetu, na ataudhika bila sababu. Au pengine kwa sababu, maana leseni za maji yetu nazo hutolewa, lakini hiyo ni sura nyingine ya sheria.

Turudi kwenye uanachama. Rasimu haiandiki "wanachama" peke yake hata mara moja. Kila mara ni "nchi wanachama". Ni mazoea tuliyoyapata katika habari za Umoja wa Mataifa na za Umoja wa Afrika, na huko hayadhuru. Hapa yadhuru. Mmoja wa wanachama wa tume ya Victoria ni Umoja wa Ulaya wenyewe, kwa jina lake wenyewe, kwa sababu Hispania, Ureno na wenzao waliukabidhi mamlaka ya kuhifadhi samaki wa baharini. Ufaransa imo pia, lakini kwa ajili ya maeneo yake ya ng'ambo tu. Mfasiri wetu ameandika "nchi za Umoja wa Ulaya", akidhani amefafanua. Amebadili mdaiwa. Mwaka 2013 tume ya uvuvi ya nchi za Afrika Magharibi, yenye makao yake Dakar, iliiomba Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari huko Hamburg itoe ushauri. Na tarehe 2 Aprili 2015 mahakama ikajibu, miongoni mwa mengine, ya kuwa pale ambapo shirika la kimataifa ndilo lenye mamlaka ya uvuvi na ndilo lililofanya mapatano na nchi ya pwani, wa kuulizwa juu ya makosa ya meli ni shirika, si dola zilizo ndani yake. Kwa nchi ya pwani hili si jambo dogo. Mwenye kusoma "nchi za Umoja wa Ulaya" atapeleka malalamiko Madrid, na Madrid watamwambia kwa adabu aende Brussels.

Vivyo hivyo "wasio wanachama". Maneno haya yamewabeba watu watatu wasiofanana: dola ambayo haikujiunga, huluki ambayo haiwezi kujiunga, na shirika la hiari ambalo halikuomba kujiunga. Wa kwanza ni dola kamili, na mkataba wa 1995 wamwambia kuwa kutojiunga hakumwondolei wajibu wa kushirikiana. Wa pili ataombwa kushirikiana, naye atafaidi kwa kadiri atakavyojifunga. Wa tatu hana samaki wa kugawiwa. Kuwaita wote kwa jina moja ni kama kumwita mgeni, mpangaji na mwizi kwa jina la "asiye mwenye nyumba". Ni kweli, lakini haisaidii usiku mlango ukigongwa.

Huyo wa tatu kwa kawaida huitwa "mwangalizi". Mkataba wa 1995, katika kifungu cha 12, wataka mashirika ya kiserikali na yasiyo ya kiserikali yapewe nafasi ya kuhudhuria vikao, na kanuni za kuyakubali zisiwe za kubana kupita kiasi. Mwangalizi kwa Kiswahili cha zamani ni msimamizi: aangaliaye shamba, watoto, mali ya mayatima. Msomaji wa kijiji ataelewa kuwa mashirika haya yamewekwa kuisimamia tume, jambo ambalo huenda yangelipenda. Tena neno lilelile hutumika kwa mtu apandishwaye melini kuhesabu samaki na kuandika yanayotupwa, na huyo kweli ni mwangalizi, maana yuko huko kwa ajili ya kusimamia. Napendekeza neno hili aachiwe yeye peke yake, na mwenye kiti cha nyuma mkutanoni aitwe mhudhuriaji. Jinsi kiti hicho kilivyo cha nyuma, shauri lile la Hamburg laonyesha: shirika la WWF lilipeleka maelezo yake, mahakama haikuyatia katika jalada la shauri.

Limebaki neno "wadau", na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Wengi wetu twalihusisha na dau, fedha iwekwayo katika mchezo. Na ni mzaha wa lugha kwamba dau ni mashua pia. Katika rasimu yangu wavuvi wa ngalawa, wenye meli, wachuuzi, benki na mashirika ya hifadhi wote ni wadau. Neno hili lina adabu nyingi mno. Lawakalisha wote katika mkeka mmoja, na kwa kufanya hivyo lafuta swali la nani ana haki na nani ana maslahi tu.

Na haki hiyo ipo katika sheria, si ya kubuni. Katika shauri la Eritrea na Yemen juu ya visiwa vya Hanish katika Bahari ya Shamu, mahakama ya usuluhishi katika hukumu zake za mwaka 1998 na 1999 ilivigawa visiwa, sehemu kubwa kwa Yemen, kisha ikasema ya kuwa desturi ya uvuvi wa jadi itaendelea: wavuvi wa pande zote mbili waende na kurudi, wavue, wauze samaki wao bandarini bila kubaguliwa, na magomvi yao yaamuliwe kwa wazee wao waitwao akili, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Mwaka 2016 hukumu ya Bahari ya China ya Kusini, katika shauri la Ufilipino na China, ilikwenda mbali zaidi, ikasema kuwa haki za uvuvi wa jadi si za dola bali ni za watu na jamii zao. Lakini hakuna mvuvi wa Hanish aliyeweza kusimama mbele ya mahakama ile. Dola ndizo zilizosimama, wao wakasemewa. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kweli wa hali yao kisheria: wana haki bila kuwa na sauti, ilhali mhudhuriaji ana sauti bila kuwa na haki, na huluki ina wajibu kwanza, mengine baadaye. "Wadau" huwavika wote kanzu moja.

Kwa hiyo mvuvi wa jadi aitwe mwenye haki, wala wafasiri wasiogope kuwa neno ni zito. Upande wa ziwa, vikundi vya usimamizi wa mialo vimetambuliwa na sheria za Kenya, Uganda na Tanzania, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa Kisumu wa mwaka 1994, limevifanyia miongozo ya pamoja. Huko mwenye haki amekwisha kupata angalau jina katika daftari. Pwani, mbele ya tume ya Victoria, hana hata hilo. Huenda na mjumbe wa serikali yake, akibahatika.

Rasimu niliirudisha na masahihisho yangu. Ofisi imekubali "dola", na imekubali "huluki" pamoja na ufafanuzi wake. "Nchi wanachama" imepunguzwa, haikuondolewa. "Mhudhuriaji" limekataliwa kwa kuwa, nimeandikiwa, "mwangalizi" limezoeleka. "Wadau" limebaki mahali pote lilipokuwa, tena limeongezwa katika utangulizi. Toleo jipya litasomwa kwa wavuvi walewale, nami nimeomba nipewe kiti.